Nilikuwa na jozi tatu, mbona nikashindwa?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Donholm na nafanya kazi Upper Hill. Kadi nimecheza tangu shule ya msingi. Najua 2 na 3 ni za kuokotesha, J inaruka, Q na 8 ni maswali, K inarudisha na A ni ya kuomba. Nikitamka "niko kadi", wenzangu hushika vichwa.

Wenzangu wa ofisini hukutana kila Ijumaa jioni South B kucheza poka. Nilienda nikidhani ni kadi hii yetu, maana mtaani wengi huiita poka vilevile. Kumbe ni ile ya Texas, ya karata mbili mkononi na tano mezani. Tulikuwa sita, kila mtu ameweka shilingi 500, blaindi, yale madau ya lazima ya mwanzo wa raundi, ni 5 na 10.

Raundi iliyonimaliza ilikwenda hivi. Nilikuwa wa kwanza kuamua, nina A ya kopa na 4 ya pau. Nikalipa 10. Dada mmoja wa uhasibu, aliyekuwa na kile kitufe cha mgawaji, akapandisha hadi 40. Wengine wote wakatupa, mimi nikaongeza 30. Zikafunuliwa A ya pau, 9 ya uru na 4 ya shupaza. Nikaweka 20, akalipa. Ya nne ikaja 9 ya shupaza. Nikaweka 20 tena, akalipa. Ya tano 2 ya kopa. Nikasukuma zote nilizobaki nazo, 420. Akalipa bila kufikiri sana, akaonyesha A ya uru na Q ya shupaza. Mimi nina A mbili, 9 mbili na 4 mbili, yeye A mbili na 9 za mezani, halafu kitita kinaenda kwake! Wakaniambia ndivyo ilivyo, lakini hakuna aliyenieleza vizuri.

Maswali yangu: kwa nini nilishindwa? Nianze kujifunza wapi? Kuna jamaa aliweka 20 mezani, akanyamaza kidogo akitutazama, kisha akaongeza 60 juu yake, wengine wakamkatalia. Walikuwa na haki? Kutishia watu kwa dau kubwa hufanywa lini? Na hizi programu za poka za kwenye simu zinasaidia?

Mpenzi wa kadi, Donholm

*

Marahaba mpwa wangu.

Hukuwa na jozi tatu, kwa sababu katika poka hii hakuna kitu kama hicho. Mkono ni karata tano, basi. Unazo mbili zako, zipo tano za wote mezani, na katika hizo saba unachagua tano zinazokupa mkono bora. Mbili zinazobaki hazihesabiwi hata zikiwa nzuri kiasi gani. Tano zako bora zilikuwa A, A, 9, 9 na 4. Za dada wa uhasibu zilikuwa A, A, 9, 9 na Q. Jozi ya A mlikuwa sare, na jozi ya 9 ilikuwa ya meza, yaani yenu nyote. Ikabaki karata ya tano, ile ya kusindikiza, na Q inaipita 4.

Ukiangalia vizuri utaona hata hiyo 4 haikuwa na haja ya kutoka mkononi mwako, maana mezani kulikuwa na nyingine. Kwa hiyo 9 ya pili ilipotua, 4 yako ya pau iligeuka karatasi tupu. Ulikuwa unacheza na A pekee. Mtu yeyote mwenye A na 5 au zaidi alikuwa anakushinda, na mwenye A na 2, 3 au 4 alikuwa anagawana nawe. Hakuna hata mmoja mwenye A ambaye ungemshinda. Sasa jiulize, nani angelipa 420 hapo akiwa hana A? Labda mwenye jozi ya K aliyekasirika. Swali hili, "nani mwenye mkono mbaya kuliko wangu atanilipa?", liulize kabla ya kila dau kubwa la mwisho. Jibu likiwa "hakuna", gonga meza, yaani pitisha zamu bila kuweka kitu, na uone karata zikifunuliwa bure.

Lakini usijilaumu kwa mambo usiyoyakosea. Pale zilipofunuliwa tatu za kwanza, ambazo wachezaji huziita flopu, ulikuwa mbele yake kwa mbali. Wewe ulikuwa na A mbili na 4 mbili, yeye A mbili tu. Ili akupite alihitaji mojawapo ya Q tatu zilizobaki au mojawapo ya 9 tatu. Karata sita, kwa nafasi mbili za kufunuliwa, ni kama mara moja kati ya nne. Kubaki ndani kulikuwa sawa. Kosa la hapo lilikuwa bei. Kitita kilikuwa na 95: 40 zako, 40 zake, na 15 za blaindi waliotupa. Ukaweka 20. Ulimwambia alipe 20 ili apiganie 115, bei ambayo hata mtu mwenye ndoto tu angelipa. Ungeweka 60, karibu theluthi mbili za kitita. Mwenye A na Q angelipa tu, tena kwa moyo mmoja, na hizo ndizo pesa unazozitaka: za mtu aliye nyuma yako. Ilipotua 9, ungegonga meza.

Kosa kubwa zaidi lakini lilikuwa mwanzoni kabisa, kabla hata flopu haijafunuliwa. A na 4 za alama tofauti, ukiwa wa kwanza kuamua, wachezaji watano wakiwa bado hawajasema lolote, ni za kutupa. Ulipolipa 10 ulikuwa umekosea kidogo. Ulipoongeza 30 baada ya kupandishiwa ulikuwa umekosea zaidi, kwa kuwa anayepandisha mara nyingi ana A iliyosindikizwa vizuri kuliko yako. Ukikosa A, huna kitu. Ukipata A, unampata mwenye A kubwa kuliko yako na unalipa hadi mwisho, kama ilivyotokea.

Hapa ndipo kadi inapokuponza. Katika kadi kila aliyegawiwa hucheza mpaka mtu amalize, na hata ukiwa na karata mbovu utavumilia, utaokota, utangoja bahati. Mazoea hayo ukiyapeleka South B utachangia mifuko ya wenzako kila Ijumaa. Katika poka kutupa karata ni sehemu kubwa ya kazi. Mchezaji anayejua, meza ikiwa na watu sita, hutupa raundi nyingi kuliko anazocheza, na wala haoni aibu.

Basi tuanze pa kuanzia, na ni cheo cha mikono. Usiikariri kama shairi. Elewa kwamba mkono unavyopatikana kwa nadra ndivyo unavyopanda. Karata 52 hutoa mikono 2,598,960 ya karata tano. Zaidi ya nusu, 1,302,540, haina hata jozi, na hapo anashinda mwenye karata kubwa. Jozi moja ni 1,098,240. Kisha idadi inaporomoka: jozi mbili 123,552, tatu za namba moja 54,912, mfululizo wa namba tano 10,200, flashi (tano za alama moja) 5,108, fulu hausi (tatu za namba moja pamoja na jozi) 3,744, nne za namba moja 624. Juu kabisa ni mfululizo wa alama moja, mikono 40 tu, na minne kati ya hiyo ni ule wa 10 hadi A. Huo wa mwisho usiungoje. Kuna watu wamecheza maisha yao yote wasiuone.

Wanaoanza hujikwaa mahali palepale. Flashi ni alama moja: kopa tupu, uru tupu, shupaza tupu au pau tupu, hizo za maua. Kopa na uru kwa pamoja ni wekundu tu na hazina maana yoyote. A inaweza kuanza mfululizo, A-2-3-4-5, au kuumaliza, 10-J-Q-K-A, lakini haizunguki: Q-K-A-2-3 si kitu. Fulu hausi zikikutana, tazama zile tatu kwanza, jozi baadaye. Alama hazipitani cheo. Shupaza haina ubabe juu ya kopa, na mikono ikilingana kitita kinagawanywa. Pia meza yenyewe inaweza kuwa mkono bora wa kila mtu. Ikifunuliwa 10, J, Q, K, A za alama mchanganyiko na hakuna awezaye kupata flashi, waliobaki wote wanagawana, hata kama mmoja ameficha jozi ya A.

Zoezi lake ni hili, na halihitaji mtu wala shilingi. Toa jokari. Gawa mikono sita ya karata mbili mbili, ikiwa wazi mezani, kisha funua tano katikati. Tafuta mshindi na useme kwa sauti tano zake ni zipi. Ukikwama kati ya wawili, zipange zile tano za kila mmoja kwa mstari, kubwa kushoto, uzilinganishe moja moja. Fanya hivyo mpaka uweze kumtaja mshindi kwa sekunde chache bila kugusa karata. Jioni mbili zinatosha kwa watu wengi. Mtu asiyeweza kusoma meza hafai kuweka hata shilingi kumi.

Mwenendo wa raundi hauna mengi. Kitufe kinaonyesha nani anahesabiwa kuwa mgawaji, na kinasogea mtu mmoja kushoto kila raundi. Wa kushoto kwake anaweka blaindi ndogo, anayefuata blaindi kubwa, kwenu 5 na 10, kabla ya kuona chochote. Kila mtu anapata mbili. Anaanza kuamua aliye kushoto kwa blaindi kubwa: atupe, alipe 10, au apandishe. Baada ya hapo mgawaji anatupa karata moja ikiwa imefunikwa, anafunua tatu. Watu wanaweka madau. Anafunika moja tena, anafunua ya nne, madau. Anafunika, anafunua ya tano. Madau ya mwisho, na waliobaki wanaonyesha. Kuanzia flopu anayeanza ni wa kwanza kushoto kwa kitufe ambaye bado yumo, kwa hiyo mwenye kitufe huamua wa mwisho. Kupandisha kuna kiwango: nyongeza yako isipungue nyongeza iliyotangulia. Blaindi ni 10, mtu akipandisha hadi 30 ameongeza 20, basi wewe ukitaka kupandisha tena ni kuanzia 50. Mkibaki wawili tu mezani mambo yanageuka kidogo: mwenye kitufe ndiye anaweka blaindi ndogo, anaanza kabla ya flopu na kumaliza baada yake.

Kuamua wa mwisho kuna thamani kuliko wengi wanavyodhani. Ukiwa na kitufe umeshaona wote wamefanya nini: nani amegonga meza kwa unyonge, nani ameweka dau, la kiasi gani. Wewe ulipokuwa wa kwanza ulikuwa unaamua gizani, na yule dada alikuwa na taa. Kwa sababu hiyo karata za kucheza hutegemea umekaa wapi.

Ukiwa wa kwanza katika meza ya sita, kwa miezi yako ya mwanzo cheza hizi tu: jozi kuanzia 7 hadi A, A pamoja na K, Q au J, K na Q za alama moja. Nyingine zote tupa. Ukihesabu ni takriban raundi moja kati ya 13, na utaona uchovu. Vumilia. Ukiwa na kitufe na hakuna aliyeingia kabla yako, fungua mlango: jozi yoyote, A yoyote iliyo na mwenzake wa alama moja, A na 10 kwenda juu, K na 10 kwenda juu, Q na J, na zile zinazofuatana za alama moja kama J-10, 10-9, 9-8, 8-7. Hapo umefika kama raundi moja kati ya tano. Viti vya katikati vinaangukia katikati ya orodha hizi mbili.

Na ukiingia wa kwanza, ingia kwa kupandisha. Mara tatu ya blaindi kubwa inatosha, kwenu 30, na ongeza 10 kwa kila aliyekwisha kulipa kabla yako. Kulipa 10 na kungoja, kama ulivyofanya, kunawakaribisha watano waone flopu kwa bei ya chini, na jozi ya A yenyewe, inayomshinda mtu mmoja mwenye karata zozote zile karibu mara 85 kwa 100, hupoteza ubabe wake kila anapoongezeka mtu. Tena ukipandisha, mara nyingine wote wanatupa na unachukua 15 za blaindi bila jasho.

Flopu ikishafunuliwa, jua ukweli mmoja: karata mbili zisizo jozi hukosa kupata jozi hapo takriban mara mbili kati ya tatu. Kwa hiyo A na K zako nzuri zitakosa mara nyingi kuliko kupata, na hilo si nuksi. Ukikosa na mtu akaweka dau kubwa, achia. Ukiwa na jozi ndogo mkononi, mathalani 5 mbili, utapata 5 ya tatu kwenye flopu kama mara moja kati ya nane na nusu. Lipa kidogo uone, ukikosa ondoka. Kinachowamaliza watu wenye jozi ndogo ni kushikilia 5 mbili mezani pakiwa na K, J na 9.

Kuna pia mikono ambayo bado haijakamilika. Una kopa mbili, mezani kuna kopa mbili. Zimebaki kopa tisa kwenye karata usizoziona. Zidisha tisa kwa 2 upate asilimia ya kuipata kwenye karata inayofuata, kama 18 (kwa hesabu kamili ni 19). Zidisha kwa 4 ikiwa utaziona zote mbili bila kulipa zaidi, 36 (kwa hesabu kamili 35). Mfululizo ulio wazi pande zote mbili, kama 6-7-8-9, una karata nane za kukuokoa. Uliokosa jino la katikati, kama 6-7-9-10, una nne tu, na huo ndio unaokula pesa za wanaoanza, kwani macho yanaiona ile 8 kana kwamba iko njiani.

Halafu linganisha na bei. Kitita kina 100, mwenzako anaweka 50. Utalipa 50 ili upiganie 150, na jumla pamoja na zako ni 200. 50 kwa 200 ni robo, kwa hiyo unahitaji kushinda asilimia 25 ya mara. Flashi yako kwa karata moja ni 19. Haitoshi, tupa, isipokuwa una hakika kwamba ikitua atakulipa nyingi zaidi. Angeweka 20, ungelipa 20 kupigania 120, yaani asilimia 14 hivi. Hapo lipa bila wasiwasi. Hesabu hii ukiizoea utaelewa kwa nini nilikuambia dau lako la 20 lilikuwa zawadi.

Kuhusu kutishia: kwenye meza yenu, kwa sasa, karibu usifanye kabisa. Dau la 60 kwenye kitita cha 90 ukiwa huna kitu linahitaji lifanikiwe mara 40 kwa 100 ili usipate hasara. Watu wanaokutana Ijumaa kujiburudisha hawajaja kutupa karata. Watalipa wakiwa na jozi ya 4 ili tu waone umeficha nini. Mkwara unamfaa mtu anayejua kuogopa. Ukilazimika, fanya ukiwa na flashi au mfululizo ambao haujakamilika, umebaki na mtu mmoja tu, naye ameonyesha unyonge. Hapo una njia mbili za kupata: atupe, au karata yako itue. Kutishia watu watatu kwa pamoja ni kuwagawia pesa.

Yule jamaa wa 20 na kisha 60 alikataliwa kwa haki. Dau linawekwa kwa mwendo mmoja, au linatamkwa kabla ya mkono kusogea. Ukiweka kidogo, ukasoma nyuso za watu, halafu ukaongeza, umepata habari ambazo hukuzilipia. Linahesabika lile la kwanza, 20. Akitaka 80 aseme "themanini" kisha aweke atakavyo. Ndugu yake na kosa hilo ni kutupa chipu moja kubwa (kipande kinachosimama badala ya pesa) bila kusema kitu. Blaindi ni 10, unatupa chipu ya 50 kimya: hiyo inahesabiwa umelipa 10 na utarudishiwa 40. Semeni sheria hizi kabla ya kuanza, si kitita kikiwa kimeshavimba.

Sheria nyingine inayozua kelele: unacheza kwa kilicho mbele yako wakati raundi inaanza. Hakuna kutoa simu katikati ya raundi ukatuma M-Pesa ili uongeze, na hakuna kutupishwa kwa sababu huna za kutosha. Ukiishiwa unaweka zote na kitita kinapasuliwa. Mfano: mmoja ana 120, wawili wana 300 kila mmoja, wote wanaweka zote. Kitita kikuu ni 120 mara tatu, 360, na wote watatu wanakipigania. Zile 180 zilizozidi kwa kila mmoja wa wale wawili zinakuwa kitita cha pembeni cha 360, na huyo wa 120 hana haki nacho hata akiwa na nne za A.

Sasa pesa. Shilingi 500 kwa blaindi za 5 na 10 ni blaindi kubwa 50, kiasi cha kutosha kucheza vizuri. Amua kabla ya kutoka nyumbani kwamba ukipoteza 500 mbili unaenda zako, na ziwe pesa ambazo kodi ya nyumba haizijui. Kucheza kwa Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, ni wazimu. Ningekuwa wewe, mara kadhaa za kwanza ningewaomba wenzangu tucheze bila pesa kabisa, kwa vifuniko vya soda. Kila mtu apewe vifuniko 10 vya thamani ya 5, 15 vya 10 na sita vya 50, jumla 500. Kwa watu sita mtahitaji 60, 90 na 36, na mwenye kibanda yeyote atakuwekea mkimwomba mapema. Vitofautisheni kwa rangi, si kwa kuandika kalamu, maana wino wa kalamu hufutika mikononi. Na siku mwenye nyumba atakapoanza kukata chake kwa kila kitita, ondoka: hapo pamekuwa biashara ya kamari, nayo Kenya inahitaji leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza popote.

Programu za simu zinasaidia kwa jambo moja: kuzoeza macho kusoma meza na kufuata zamu, kwa kuwa yenyewe humtaja mshindi na kuonyesha zile karata tano. Chagua ya chipu za bure, usiiunganishe na M-Pesa wala kadi ya benki. Usijifunzie humo kiasi cha dau wala tabia za watu. Chipu za bure hazimuumi mtu, kwa hiyo wanne kati ya sita watasukuma zote wakiwa na 7 na 2, na ukirudi South B ukategemea watu walipe hivyo, utashangaa wakitupa.

Mjomba